Nyumba ya Vyumba Sita

Kiangazi kilichopita, katika kijiji cha Ngulyati wilayani Bariadi, mwandishi wa safu hii alimkuta kijana mmoja akichora nyumba yake ardhini kwa ncha ya fimbo. Tanuri la matofali lilikuwa limekwisha kupoa karibu naye, na fundi alikuwa amechutama pembeni akitazama. Mistari haikuwa mingi. Kijana alianza na mstatili. Katikati yake akapitisha njia nyembamba toka mbele hadi nyuma, kisha akakata vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule. Nyuma akazungushia ua, na mwisho wa ua akatia alama mbili ndogo, moja ya jiko na moja ya choo. Nilipomwuliza ramani hiyo ameitoa wapi, alicheka kidogo.

"Hii si ramani, mzee. Ndivyo nyumba inavyokuwa."

Fundi naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua huchomoza mashariki.

Hata hivyo babu yake kijana huyo asingelitamka maneno hayo. Babu alizaliwa katika nyumba ya msonge, ya mviringo, yenye paa la nyasi lililoshuka karibu kugusa ardhi, namna ile ambayo vijana wa leo huenda kuitazama katika makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza. Usukumani kaya zilikaa mbalimbali, kila moja katikati ya mashamba yake na mifugo yake, na hakuna aliyejenga chumba ili akae mgeni anayelipa. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ndiyo iliyowapanga watu wetu kwenye mistari iliyonyooka. Lakini mstari wa nyumba ni jambo moja, na umbo la nyumba ni jambo jingine. Umbo lile lenye korido katikati na vyumba kila upande lilitoka Pwani, likapanda bara pamoja na wafanyabiashara, likakaa Tabora na Ujiji, na baadaye likaingia katika kila senta yenye duka, mashine ya kusaga na kituo cha basi. Wenyewe huliita nyumba ya Kiswahili. Mahali lilipokomaa na kuwa nyumba ya wapangaji, ikabeba mji mzima mgongoni mwake, ni Kariakoo ya Dar es Salaam, kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili.

Jambo hili linastahili kuandikwa kwa sababu katika vitabu vya usanifu miaka ile, yaani 1919 hadi 1939, inasifiwa kuwa ndiyo miaka ambayo dunia ilijifunza kuwajengea watu wa kipato kidogo pembezoni mwa miji. Husimuliwa habari za Karl-Marx-Hof ya Vienna, iliyojengwa kati ya 1927 na 1930, jengo moja refu lenye makazi zaidi ya 1,300. Husimuliwa habari za Berlin na Frankfurt. Kariakoo haimo. Na haimo kwa sababu nyepesi sana: nyumba zake hazikuchorwa na msanifu, hazikujengwa na halmashauri, na zilikuwa za udongo.

Basi tuanze na mahali penyewe. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, ikalala baada ya kifo chake mwaka 1870, ikaamshwa na Wajerumani ambao mwaka 1891 walihamishia huko makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kijerumani ilinunua shamba kubwa la mlowezi aliyeitwa Schoeller, upande wa magharibi wa mji, kwa nia ya kupima hapo mji wa Waafrika. Vita vikaingia kati. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza wakautwaa mji, na katika eneo lile wakaweka kambi ya jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao. Ulimi wa mwananchi ukalichukua jina hilo, ukalilainisha, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake kwa sababu ileile.

Hapana budi kusimama kidogo juu ya wapagazi hao, maana si wageni kwetu. Usukuma na Unyamwezi zilikuwa zimepeleka wabeba mizigo Pwani kwa vizazi kadhaa kabla ya vita hivyo, na hata leo mmoja wa mitaa ya Kariakoo unaitwa Nyamwezi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Mwaka 1927 ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam ile sanamu mashuhuri ya Askari. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, ni kweli, lakini aliyesimama juu na bunduki yake ni askari. Wapagazi walibakiwa na jina la mtaa, na hata hilo limekwisha kusahaulika asili yake na wengi wanaokwenda huko kila siku kununua vitenge.

Baada ya vita serikali mpya ilikuta uwanja mpana uliokwisha kununuliwa na mji uliokuwa ukijaa watu. Ikapima viwanja, ikanyoosha mitaa, na jengo kubwa lililoachwa na Wajerumani likafanywa soko mwaka 1923. Kisha ikaja kanuni ambayo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo iliyoijenga Kariakoo kuliko fundi yeyote. Mwaka 1924 mji uligawanywa katika kanda tatu. Kanda ya kwanza iliruhusiwa nyumba za kuishi za namna ya Kizungu tu. Ya pili iliruhusiwa makazi pamoja na biashara. Ya tatu iliruhusiwa nyumba za aina yoyote. Msomaji aangalie jinsi kanuni hiyo ilivyoandikwa kwa werevu: haikutaja rangi ya mtu mahali popote. Ilitaja aina ya jengo. Mwafrika hakukatazwa kukaa kanda ya kwanza, mradi tu awe na fedha za kujenga nyumba ambayo mshahara wake usingeijenga hata kwa miaka mia. Wananchi hawakuhitaji mwanasheria kuwafasiria. Waliziita kanda hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na majina hayo yamo midomoni mwetu hadi leo, hata katika miji ambayo haikupata kuiona kanuni ya 1924. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ili watu na magonjwa yao, kama ilivyodhaniwa, wasichanganyikane. Watu waliohamishwa kupisha uwanja huo walipelekwa mbele zaidi, na ndiyo sababu moja ya kupimwa kwa Ilala mwishoni mwa miaka ya 1920.

Katika kanda ya tatu mwenye kiwanja hakupewa hati ya miaka mingi. Haki yake ilikuwa ya mwaka hadi mwaka, akilipa ada. Sasa ndugu msomaji ajiulize: ni nani mwenye akili timamu atakayejenga kwa mawe na saruji juu ya ardhi anayoweza kuambiwa aiache mwaka ujao? Akijenga kwa miti na udongo, hasara yake akifukuzwa ni ndogo. Boriti zaweza kung'olewa na mabati kuezuliwa, akaenda kuvisimamisha pengine. Katika ripoti za siku zile Kariakoo ililaumiwa mara nyingi kwa ubovu wa majengo yake, kana kwamba udongo ulitokana na uvivu au ujinga. Kumbe ulitokana na hesabu. Aliyeandika masharti ya ardhi na aliyeandika lawama walikaa ofisi moja.

Tuitazame basi nyumba yenyewe, kwa kuwa ufundi wake haukuwa mdogo. Kwanza zilisimamishwa nguzo, nyingi zikiwa boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Mti huo hauliwi upesi na mchwa, nao ndio uliojenga majumba ya mawe ya Lamu na Unguja na kuvuka bahari hadi Arabuni na Ghuba. Kati ya nguzo na nguzo zilipitishwa fito kwa mlalo, ndani na nje, zikafungwa kwa kamba. Nafasi iliyobaki katikati ikajazwa udongo na vipande vya mawe. Kisha ukuta ukakandikwa, ukaachwa ukauke na kupasuka, nyufa zake zikatomewa kwa vijiwe, ukasiribwa, na mwenye uwezo akamalizia kwa chokaa. Ukuta uliofanyiwa kazi hizo zote kwa uaminifu ulidumu miaka mingi. Uliofanyiwa nusu ulianguka masika ya pili.

Paa lilikuwa la makuti, lenye miteremko minne. Lilitoa ubaridi na lilikuwa rahisi, lakini moto ukishika nyumba moja mtaa mzima huwa mashakani. Kwa hiyo watu walianza kutumia madebe. Mafuta ya taa na petroli siku zile yalikuja katika madebe ya galoni nne. Debe lilipokwisha kazi lilikatwa, likanyooshwa kwa nyundo, likapigiliwa juu ya kenchi vipande kwa vipande kama magamba ya samaki, pengine likapakwa lami. Mabati ya kununua yalikuja baadaye, kwa wale waliofanikiwa. Asiyeamini kwamba mtu maskini ni mhandisi na afikiri juu ya paa hilo: taka ya dola ya mafuta ikageuzwa kinga ya mvua.

Ndani, mpango ulikuwa ule ule aliouchora kijana wa Ngulyati. Mbele palikuwa na baraza, mahali pa kukaa jioni, kusuka ukili, kupokea wageni na kusikia habari. Mlango mmoja uliingia katika korido, na korido ilikwenda moja kwa moja hadi uani. Vyumba vilikuwa vitatu kwa vitatu, kila kimoja cha takriban futi kumi kwa kumi, chenye dirisha dogo la mbao. Uani palikuwa na majiko, stoo, mahali pa kuogea na choo cha shimo, na mara nyingi mti mmoja wa kivuli.

Ubora wa mpango huo, kwa maoni yangu, ni kwamba haukumlazimisha mjenzi kuwa na fedha zote siku moja. Mtu aliyetoka bara akapata kazi bandarini au katika nyumba ya Mzungu aliweza kuanza na vyumba viwili vya mbele, akalala kimoja, akapangisha cha pili. Kodi ya pango ikanunua boriti za chumba cha tatu. Hakukuwa na benki ya kumkopesha Mwafrika juu ya udongo na haki ya mwaka mmoja, basi nyumba yenyewe ikawa benki. Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwapo wanawake, na kwa mwanamke wa mjini wa zama zile, mjane au aliyeachwa, vyumba sita vilimpa kitu ambacho kazi ya mshahara haikumpa kabisa: sauti. Aliamua nani aingie na nani atoke, nani adaiwe leo na nani asubiriwe hadi mwisho wa mwezi.

Mwenye nyumba kwa kawaida alikaa humo humo. Hapo ndipo nyumba hii ilipotofautiana na majengo ya kupangisha ya siku hizi, ambayo mwenyewe yuko Ulaya na kodi hupokewa na kijana mwenye daftari. Katika nyumba ya Kariakoo mdai na mdaiwa walichota maji katika pipa moja. Mzaramo alipakana ukuta na Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni, Mrufiji na Mnyasa. Afisa mmoja wa serikali, J.A.K. Leslie, aliyeuchunguza mji huo katika miaka ya 1950 na ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963, aliiweka nyumba hii na maisha ya wapangaji wake mahali pa mbele katika maelezo yake. Kiswahili hakikuenea Dar es Salaam kwa vitabu tu. Kilienea uani, penye jiko moja na ugomvi wa zamu ya kufagia.

Hata hivyo tusije tukaipamba kupita kiasi. Mwandishi huyu alipata kupanga chumba katika nyumba ya namna hiyo ujanani mwake, na anakumbuka vema foleni ya alfajiri mbele ya choo kimoja kilichohudumia kaya sita. Moshi wa kuni uliingia vyumbani. Madirisha yalikuwa madogo mno na joto la Pwani halina huruma. Ukuta wa fito haufichi neno, na kila mmoja alijua kikohozi cha jirani na sababu yake. Watoto waliugua malaria na kuhara kwa zamu. Na mji ulivyozidi kukua, ukakaribia watu 70,000 katika hesabu ya mwaka 1948 na kupita 128,000 katika ile ya 1957, chumba kilichokusudiwa mtu mmoja kililala watano. Makuli wa bandari waliogoma mwaka 1939, kisha 1943 na 1947, walikuwa wakirudi jioni katika vyumba hivyo.

Wakati huohuo kule Frankfurt, kati ya 1925 na 1930, mkuu wa ujenzi wa mji huo aliyeitwa Ernst May alisimamia ujenzi wa makazi zaidi ya 10,000 katika vitongoji vipya. Yalikuwa na paa bapa, madirisha mapana na bustani, na humo ndimo lilimowekwa lile jiko mashuhuri lililobuniwa mwaka 1926 na msanifu wa kike, Margarete Schütte-Lihotzky. Upana wake haukufika mita mbili, na urefu kama mita tatu na nusu. Kila hatua ya mpishi ilipimwa ili asipoteze muda. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini jiko lile lilikuwa la mwanamke mmoja peke yake na ukuta mbele yake. Jiko la Kariakoo lilipoteza hatua nyingi mno, ila aliyeishiwa chumvi hakuhitaji kwenda dukani.

Kinachoshangaza katika kisa hiki ni kwamba Ernst May mwenyewe alikuja kuwa jirani yetu. Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Ujerumani ikawa haimrudiki tena, na mwaka 1934 akaja Tanganyika akawa mkulima karibu na Arusha. Baadaye akafungua ofisi Nairobi, ambako pamoja na kazi nyingine alichora majengo ya fleti za Delamere, yaani Frankfurt iliyosafirishwa hadi Ikweta kwa ajili ya wapangaji wa Kizungu. Vita vilipozuka Waingereza walimweka kizuizini kama raia wa adui, na vilipokwisha alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala. Kwa Mwafrika alibuni nyumba ya zege iliyopinda, ukuta na paa vikiwa kipande kimoja, ya kutengenezwa kiwandani na kuunganishwa mahali pa kujengea. Haikuenea. Kazi yake ambayo sisi watu wa ushirika wa pamba tungepaswa kuijua zaidi ni jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, mjini Moshi, lililofadhiliwa na jasho la mkulima. Akarudi kwao Ujerumani katika miaka ya 1950, akafariki mwaka 1970.

Sijui neno lolote alilopata kulisema juu ya nyumba ya vyumba sita, na sitamsingizia. Ila kila nikifikiri kwamba mjuzi mkubwa hivyo wa makazi ya watu wa kipato kidogo aliishi miaka mingi katika Afrika Mashariki, na swali lile alilolipigania Ulaya lilikuwa limekwisha kupata jibu la udongo na madebe hatua chache kutoka bandari ya Dar es Salaam, moyo hunituma niamini kwamba angalau siku moja alipita Kariakoo na kuchungulia korido.

Waliopita humo kwa hakika ni watu wa siasa. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, katika ofisi ya chama kilichoitangulia ambayo wanachama wenyewe waliijenga kabla ya Vita Kuu ya Pili. Julius Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955, wanahistoria wa mji huo wameandika kwamba alipokewa kwanza nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, Kariakoo, kabla ya kuhamia Magomeni katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho. Habari za mkutano zilipita baraza kwa baraza na ua kwa ua. Mtu hawezi kueleza jinsi kadi za TANU zilivyoenea kwa haraka katika mji ule bila kueleza kwanza kwamba katika kila nyumba walikaa watu wa kaya sita kutoka wilaya sita, ambao kila mmoja alikuwa na ndugu wa kumpelekea habari.

Uhuru ulipokuja, Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962 lilianza kubomoa nyumba za udongo na kuweka za saruji mahali pake. Na katika nyumba nyingi za mpango huo, korido na vyumba vya kila upande vilirudi vilevile. Ni mara chache serikali imekubali kufundishwa na mpangaji. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Iliyapata magorofa mengi ya Uhindini, yale yenye tarehe za miaka ya 1930 juu ya vipaji vya nyuso zao. Nyumba za udongo za Kariakoo zilipona kwa unyonge wao. Kisha soko jipya la saruji lililochorwa na Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975.

Kilichokuja kuzimaliza si sheria, bali bei ya ardhi. Tangu biashara ilipofunguliwa, kiwanja kile cha udongo kiligeuka dhahabu. Warithi wa mwenye nyumba, pengine kumi na zaidi, walikalishwa kitako na mwekezaji. Nyumba ikabomolewa kwa siku moja na gorofa likapanda, chini maduka na juu stoo za mizigo. Wengine walipata haki yao vema. Wengine walipata mgawo uliokwisha kabla ya gorofa halijapakwa rangi, wakahamia Mbagala na Gongo la Mboto. Na gorofa zenyewe si zote zilizojengwa kwa uaminifu wa yule fundi wa kutomea nyufa. Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa karibu na hapo, Uhindini, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 gorofa la Kariakoo yenyewe liliporomoka, likaua watu zaidi ya 20, na nchi nzima ikasikiliza kwa siku kadhaa sauti za waliofukiwa wakizungumza na waokoaji.

Kwa nyumba chache za zamani zilizobaki Kariakoo, sheria haisemi mengi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahesabu kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Dar es Salaam wenyewe wakati huo ulikuwa ndiyo kwanza unafyekwa. Nyumba ya mwaka 1925 haina kinga mpaka Waziri aitangaze kwa jina. Mamlaka hayo anayo, nayo hayagharimu fedha nyingi. Nyumba mbili au tatu zilizo kamili, zenye korido, ua na baraza, zingeweza kutangazwa na kutengenezwa na mafundi wanaojua bado kukandika, kabla hao nao hawajaondoka. Kuna Kijiji cha Makumbusho jijini humo kinachoonyesha nyumba za makabila yetu. Nyumba hii haikuwa ya kabila lolote, na pengine ndiyo maana imekosa wa kuilia.

Huku kwetu shauri hili si la makumbusho. Bariadi ikawa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, na tangu hapo wapima ardhi hawajapumzika. Viwanja vimepigwa, barabara zimechongwa, na pamoja na viwanja huja masharti: tofali la namna hii, paa la namna ile, ramani iliyochorwa na mtu mwenye leseni, nyumba ikamilike katika muda uliowekwa. Mimi si mpinzani wa masharti. Baada ya 2013 na 2024 hakuna mtu anayeweza kusema kwamba kujenga ni shauri la mwenye fedha peke yake. Lakini yako masharti yanayomkinga mtu asiangukiwe na ukuta, na yako masharti yanayomwambia tu kwamba yeye ni wa kanda ya tatu. Nondo, msingi, umbali wa choo na kisima: hayo yashikwe kwa mkono wa chuma. Ila mwalimu au muuza nafaka anayetaka kujenga vyumba viwili mwaka huu na viwili baada ya mavuno ya pamba, akipangisha huku akijenga, asiandikiwe notisi ya kubomoa kwa kosa la kujenga polepole. Akifukuzwa hapo atakwenda kujenga hivyohivyo nje ya mpaka, mahali pasipo na barabara wala bomba, na miaka ishirini baadaye halmashauri itamfuata huko kwa gharama mara kumi. Maofisa wetu wa ardhi wengi ni vijana wasomi. Ningeomba tu kwamba, kabla ya kupitisha ramani za mfano za nyumba za familia moja, mwenye geti na sebule, waende jioni moja katika vyumba vya kupanga vya mjini Bariadi, wahesabu wanaolala humo: wauguzi wapya, makondakta, wanafunzi, mama wauza mboga. Ndio mji wenyewe.

Nilirudi Ngulyati baada ya majuma machache. Msingi ulikuwa umekwisha kufungwa kwa mawe, na kijana alikuwa akimwagilia maji tabaka la kwanza la matofali. Nikamweleza habari za Kariakoo, za boriti za Rufiji na madebe ya mafuta. Alisikiliza kwa adabu, akauliza kama ni kweli watu walipaka lami juu ya paa, na kama haikuyeyuka juani. Kisha akanionyesha alipobadilisha. Korido ilikuwa imeongezwa upana kwa futi moja unusu, na fundi alikuwa amelalamika kwamba vyumba vya kushoto vitapungua.

"Zamani walipita watu tu, mzee," alisema. "Sasa mpangaji ana bodaboda. Usiku ataiacha wapi?"